Gramu 600 au kilo moja na nusu? Hema la watu wawili kwa usiku wa saa kumi na mbili

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Arusha. Likizo ya Desemba mimi na mdogo wangu wa kike tunataka kutembea Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae. Juni, Mungu akipenda, tutakwenda Mlima Kenya, tupande kwa njia ya Sirimon na kushukia Chogoria, na mizigo tutabeba wenyewe. Kaka yetu anaishi Uholanzi. Anakuja Novemba na amesema kwenye begi lake ana nafasi ya hema moja tu. Tumebakiza mawili. La kwanza ni la ukuta mmoja, kitambaa cha Dyneema, gramu 600 hivi, linasimamishwa kwa fimbo za kutembelea. La pili ni la kuta mbili, lina fito zake, kilo moja na nusu. Kila tunayemuuliza anasema chukueni jepesi. Wewe unasemaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie kaka alete la kilo moja na nusu. Nimelitanguliza jibu ili ukiwa na haraka ulipate, lakini nakuomba usome hadi chini. Hema la kilo moja na nusu nalo laweza kuwa bovu, na kaka akishapanda ndege hakuna tena kurudisha dukani.

Nilianza kazi hii nikiwa mgumu, yaani mpagazi, Kilimanjaro, nikibeba mahema ya wageni kichwani. Baadaye nikawa kiongozi, na sasa ni miaka mingi nashona na kukarabati mahema hapa Moshi. Ninayoyajua nimefundishwa na vilivyoharibika, maana hema zima haliletwi kwa fundi.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio uliowatia mashaka. Tofauti ya mahema yenu mawili ni gramu 900. Ninyi ni wawili na hema halibebwi na mtu mmoja: mmoja anachukua flai, kile kifuniko cha nje cha kuzuia mvua, na vigingi, mwenzake anachukua chumba cha ndani na fito. Kwa hiyo kila mmoja anaongeza gramu 450, na hiyo haifiki hata chupa ya maji ya nusu lita. Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Hema la gramu 600 halina fito, linategemea fimbo mbili za kutembelea. Je, mnazo? Mnatembea nazo? Kama mnazo na mmezizoea, sawa, hamwongezi kitu. Kama mtazinunua ili tu hema lisimame, jozi moja ina kama gramu 400 hadi 500, na nusu ya ule wepesi mliouona kwenye picha imeshapotea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo wengi wanaowashauri hawalitazami. Mahema haya mepesi hubuniwa na kusifiwa Marekani na Ulaya, na watu wanaotembea majira yao ya joto. Mwulize kaka: mwezi wa Juni kule Uholanzi jua linazama saa nne usiku na linachomoza saa kumi na moja na dakika chache alfajiri. Giza lenyewe ni kama saa saba. Mtu anatembea mpaka achoke, anaingia hemani kulala tu, na akiamka jua limeshatoka. Kwake hema ni kitanda.

Kwetu sivyo. Mlima Kenya umekaa kwenye ikweta na Usambara haiko mbali nayo. Usiku wetu ni saa kumi na mbili, Desemba iwe au Juni. Pale Shipton's, kambi ya Mlima Kenya iliyo kama mita 4,200 juu ya bahari, jua likishazama nyuma ya majabali baridi inashuka papo hapo, na kufikia saa moja jioni kila mtu yuko ndani. Mtatoka saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa ile siku ya kwenda kilele cha Lenana ambayo mtaamshwa saa tisa usiku. Zaidi ya hizo mtakuwa mmejifungia humo, wawili, mkila karanga, mkiongea, mkigeuka, mkitafuta soksi kwa tochi. Mtaishi ndani ya hema nusu ya safari yenu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lina gramu ngapi, uliza litakuwaje mkishakaa humo kwa muda wa saa kumi.

Na litakuwa na maji. Wala si ya mvua. Watu wawili wakipumua usiku kucha hutoa mvuke ambao ukikusanywa unaweza kukaribia nusu lita. Mvuke huo unapanda, unakutana na kitambaa ambacho upande wa pili kinapigwa na baridi, unageuka matone. Sisi tunaita jasho la hema. Hakuna kitambaa cha kuzuia maji kitakachokuokoa nalo, kiwe cha bei gani, kwa sababu kinachozuia mvua isiingie kinazuia na mvuke usitoke.

Nitakusimulia. Nikiwa bado kijana nililala Shipton's na mwenzangu kwenye hema la ukuta mmoja ambalo tulipewa tulijaribu. Upepo ulikuwa mkali, tukafunga zipu zote na matundu yote, tukaona tumefanya la maana. Saa tisa usiku niliinuka kwenda haja, bega likagusa ukuta. Kitu kama chumvi ya mawe kikanimwagikia usoni na shingoni. Yalikuwa ni pumzi zetu wenyewe, zimeganda barafu kwenye kitambaa. Nikawasha tochi, nikaona dari lote limekuwa jeupe kama sahani ya bati iliyotolewa kwenye friza. Tukalala hivyo hivyo, tukijikunja tusiguse popote. Kibaya zaidi kikaja asubuhi. Jua lilipolipiga hema, ile barafu iliyeyuka yote kwa mara moja, na kwa muda wa dakika kumi ikanyesha ndani. Mabegi yetu ya kulalia yalikuwa ya manyoya ya bata. Manyoya yakilowa yanashikana, hayavimbi tena, na begi lisilovimba halina joto. Usiku uliofuata hatukulala, tulikaa tukingoja kuche.

Hema la kuta mbili halizuii jasho hilo, usidanganywe. Matone yatakuwepo vilevile, ila yatakuwa kwenye flai, na wewe utakuwa upande wa pili wa chumba cha ndani. Mvuke unapita kwenye neti, unagandia nje huko, ukiyeyuka unateremka kwenye mteremko wa flai hadi chini. Ukigeuka usingizini, bega linagusa kitambaa kikavu. Asubuhi unaikung'uta flai nje, unaifungasha peke yake kwenye mfuko wake, na chumba chenu kinabaki kikavu. Hicho ndicho mnachokinunua kwa zile gramu 450 za kila mmoja wenu.

Bado mna kazi yenu ya kufanya. Mwambie kaka aangalie kama flai ina dirisha la hewa juu, lenye kijiti cha kulishikilia wazi, na msilifunge hata kama upepo unavuma. Na chumba cha ndani kiwe na kitambaa kizima nusu ya chini, neti ianzie juu. Vyumba vya neti tupu kuanzia sakafuni ni vizuri kwa joto la bondeni, lakini kule juu upepo hupenya chini ya flai ukawapiga moja kwa moja, na kwenye milima yetu ya volkano upepo huo huja na vumbi jeusi la kuingia hadi kwenye meno.

Sasa vipimo. "Watu wawili" kwenye lebo ya hema maana yake ni magodoro mawili membamba yaliyolazwa ubavu kwa ubavu, basi. Wewe ni mwalimu, chaki unayo. Sogezeni viti sebuleni, chora sakafuni umbo la urefu wa sentimita 215, upana wa sentimita 130 kichwani na 107 miguuni. Mahema mengi mepesi ya watu wawili yako karibu na hapo. Godoro la kawaida la kupuliza lina upana wa sentimita 51, kwa hiyo mawili ni 102 na yanaingia. Yale mapana ya sentimita 64 yakiwa mawili ni 128: kichwani yataingia kwa kubanana, miguuni hayaingii kabisa. Lala humo wewe na mdogo wako kwa nusu saa, mkiwa mmevaa majaketi na kofia, kila mmoja na begi la kulalia, bila kuvuka mstari. Kisha mmoja ainuke akae, afunge kamba za viatu. Kila mtu niliyemfanyisha jaribio hilo alinishukuru, na wapo waliobadilisha uamuzi hapo hapo sakafuni.

Urefu wa kwenda juu uwe sentimita 100 au zaidi kidogo, mweze kukaa wote wawili bila vichwa kugusa. Na milango iwe miwili, hapo nakazia. Mlimani mnatakiwa kunywa maji mengi, na mkimeza zile dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko, haja ndogo itawaamsha mara mbili au tatu. Hema la mlango mmoja maana yake ni kumpanda mwenzako saa nane usiku, kumwamsha, kumtia baridi, na kuombana radhi. Siku ya tatu watu hawasemeshani. Milango miwili huongeza gramu mia moja au mia mbili, na kila mlango unakuja na kibaraza chake cha kuwekea viatu na begi. Viatu msiviache nje kabisa. Na chakula kiwe ndani, kimefungwa vizuri, maana pimbi wa Shipton's wameshawazoea watu na hawaogopi kitu, na panya wa mlimani wana meno ya kutoboa nailoni ya denia 20 kama karatasi.

Nimetaja denia, niieleze. Ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikishuka, uzi ni mwembamba zaidi. Flai ya denia 15 au 20 inatosha kabisa. Sakafu msishuke chini ya 20, na mkipata 30 ni bora, kwa sababu Usambara mtalala kwenye viwanja vya shule na nyua za makanisa, mahali penye kokoto na vipande vya miti. Ile namba nyingine inayoandikwa kwa milimita, 1,200 au 3,000 au 5,000, ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinastahimili kabla ya kupenyeza. Msiikimbilie kubwa. Flai ya 1,200 inahimili mvua. Hema nyingi zinazovuja zinazoletwa kwangu zimevuja kwenye mshono, kitambaa chenyewe ni kizima.

Kuhusu kitambaa, Dyneema ni kitu cha ajabu kwa kweli, nisiwe mchoyo wa sifa. Hainywi maji, haitepeti ikilowa, na kwa uzito wake ina nguvu nyingi kuliko nailoni. Lakini ni ghali, haipendi kusuguliwa, na ikitoboka si kila fundi ataigusa. Mahema ya kuta mbili ya uzito wenu huwa ya nailoni yenye silikoni au ya poliesta. Nailoni ni imara isiyochanika upesi, ila inakunywa maji kidogo na kulegea. Mnalala hema limekaza kama ngoma, usiku mvua inanyesha, asubuhi flai imelala juu ya chumba. Dawa yake ni kutoka kabla ya kulala mkavute kamba tena. Poliesta hailegei, na inahimili jua kuliko nailoni.

Jua ni jambo zito kwetu kuliko watu wanavyodhani. Kila ukipanda mita 1,000, miale yake mikali inaongezeka kwa karibu asilimia 10, na hapa tuko ikweta ambako tayari ni kali. Nimeshika flai zilizoachwa zimesimama kambini mchana kutwa kwa miezi; ukiivuta kwa vidole viwili inachanika kama gazeti la zamani. Kwa hiyo mkifika nyumbani msiliache hema bustanini wiki nzima eti watoto wachezee. Likaukie kivulini, liingie ndani.

Linaposimama lenyewe au lisiposimama: hapa ndipo hema la fimbo linaponipa wasiwasi wa pili. Hema la fito likishaunganishwa ni kama kikapu, unaweza kulinyanyua ukalihamisha. Vigingi ni vya kulizuia lisipeperuke na kuikaza flai. Hema la fimbo bila vigingi halipo, ni kitambaa tu kimelala chini. Na vigingi vinataka udongo. Pale Shipton's kuna mahali unapiga kigingi sentimita tano unakutana na mwamba. Asubuhi ardhi imeganda. Viwanja vya shule vya Usambara vimekanyagwa na watoto miaka hamsini, ni vigumu kama saruji. Upande wa Kilimanjaro, Barafu, mita 4,673, ni mawe matupu. Inawezekana kufunga kamba kwenye mawe, na hata kwa hema la fito mjifunze. Chukua jiwe dogo, lizungushie kamba mara mbili, liweke chini, halafu sogeza jiwe kubwa mbele yake, upande wa hema, lilalie kamba. Kamba ikivutwa, jiwe dogo linajikaza nyuma ya kubwa. Msifunge kamba kwenye jiwe kubwa lenyewe, kingo zake zitaikata usiku kwa msuguano wa upepo. Kufanya hivyo mara mbili ni rahisi. Kufanya mara sita, vidole vimekufa ganzi, mvua inanyesha, mdogo wako ameshika fimbo mkononi ili hema lisianguke, hapo utamkumbuka fundi.

Kuna kitu kimoja ambacho hema la fimbo huwa linashinda, nacho ni mvua wakati wa kusimamisha. Mengi yake flai inatangulia au ni kitu kimoja, kwa hiyo ndani hakulowi. Mahema mengi ya fito unatandaza kwanza chumba cha neti, kisha flai juu, na mvua ya mchana ya Usambara haingoji. Kaka aulize kama flai inaweza kusimama kwanza. Yapo yanayowezekana ukinunua na turubai lake la chini. Kama haiwezekani, fanyeni mazoezi nyumbani mpaka wawili mmalize kwa dakika nne. Na hilo turubai la chini lisitokeze nje ya flai hata kidogo. Likitokeza linakinga mvua na kuielekeza chini ya migongo yenu.

Fito ziwe za alumini. Za faibaglasi ni nzito na zinapasuka nyuzi nyuzi zinazoingia vidoleni. Za kaboni ni nyepesi sana, lakini zikivunjika zinavunjika kabisa. Alumini inapinda kwanza, inakuonya, na hata ikikatika inafungika. Kuhusu zipu: ndicho kitu kinachokufa kwanza kwenye mahema yote, na muuaji ni vumbi. Wiki haipiti bila mtu kuniletea hema "lililoharibika zipu", na tisa kati ya kumi meno ni mazima, ni kile kitelezi kimepanuka. Ninakisukuma hadi mwisho, nakibana kwa plaizi upande mmoja kidogo sana, kisha upande wa pili kidogo sana, kama unavyomkaza mtoto kifungo. Najaribu. Kikikaza mno kinapasuka, kwa hiyo ni kubana, kujaribu, kubana, kujaribu. Mtaweza kufanya wenyewe. Zaidi ya hapo ni kusugua meno kwa mswaki mkavu kila mkishuka mlimani.

Utaniuliza kama nalikataa hema jepesi moja kwa moja. Hapana. Kama ungeniambia unatembea peke yako nchi kavu ya nyasi, kiangazi, na fimbo mbili mkononi kila siku, ningekuambia lichukue hilo la gramu 600 na ulifurahie. Zpacks Duplex ni hema la aina hiyo na limewabeba watu maelfu ya kilomita kule Marekani. Pia kuna njia ya kati. Kama kweli mnatumia fimbo, X-Mid 2 ya Durston ni ya kuta mbili, milango miwili, ya poliesta, kama kilo 1.1, na flai yake inatangulia kusimama. Inahitaji vigingi vinne kwa uchache, na ile shida ya udongo inabaki palepale. Upande wa fito, Copper Spur HV UL2 ya Big Agnes na Hubba Hubba ya MSR ndizo ninazoziona mara kwa mara zikirudi zimetumika vizuri, zote kwenye kilo moja na nusu hivi. Siwauzii, nawatajia mkalinganishe na hilo lenu.

Na kama kaka atashindwa, msikate tamaa, Memorial hapa Moshi au Gikomba kwa Nairobi huja mahema ya mtumba mazuri sana. Ila uyatumie pua. Flai nyingi za zamani zimepakwa plastiki ya poliyuritheni kwa ndani, na ikikaa stoo yenye unyevu inaoza. Ifunue, ipeleke puani. Ikinuka matapishi au mkojo wa paka, na ukiikunjua inanatanata kama peremende iliyonyonywa, irudishe kwenye rundo. Hiyo hakuna fundi wa kuifufua. Lakini ikiwa kavu na inavuja mishono tu, silikoni ya kioo ya kawaida ya dukani, iliyozimuliwa kwa tapentaini ya mafundi rangi hadi iwe kama uji mwepesi, ukapaka mishono kwa brashi ndogo na kuacha usiku kucha, itakupa miaka mingine. Hiyo ni kwa flai ya silikoni. Silikoni haishiki kwenye poliyuritheni.

Kabla sijaenda kwenye maagizo ya kaka, nakuomba jambo moja kwa uzito wote nilionao. Msiwashe jiko ndani ya hema. Si la gesi, si la mafuta, na kwa jina la Mungu si la mkaa. Baridi ya Shipton's itawashawishi, na mtaona wengine wanafanya. Ile hewa ya sumu haina harufu, haikufanyi ukohoe, inakulaza usingizi tu. Ukuta wa nailoni uliolowa unaziba hewa kuliko mnavyofikiri, na kitambaa chenyewe kikishika moto kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Pikeni nje, nyuma ya jiwe. Jaza chupa ya chuma maji ya moto, ivishe soksi, iingize begini miguuni. Joto la saa nne mnalo.

Sasa kaka. Alisimamishe hema huko huko Uholanzi kabla ya kufungasha, hata sebuleni. Afungue na kufunga kila zipu mara kumi. Aingie ndani mchana na kuangalia mishono dhidi ya mwanga kama kuna tundu. Ahesabu vigingi, na aongeze vinne vinene vya ardhi ngumu, kwa kuwa vile vinavyokuja na hema hupinda siku ya kwanza. Fito na vigingi viende kwenye begi la chini ya ndege, asije akanyang'anywa mlangoni. Mitungi ya gesi asilete kabisa, hairuhusiwi ndegeni. Na ndani ya mfuko wa fito kuna kibomba kifupi cha alumini, urefu wa kiganja, ambacho watu hukitupa wakidhani ni kipande kilichobaki kiwandani. Hicho ndicho cha kuvisha ufito ukivunjika: unakitelezesha hadi kwenye mvunjiko, unazungusha gundi tepu pande zote mbili, mnalala. Kama hakimo, amwambie muuzaji ampe.